Sura ya Tisa na Vitepe vya Bibi

4 Februari

Bibi yangu na mke mwenzangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha. Chumba ni kile kile juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira nimeizoea hadi nikienda kwa watu naona kwao kuna kitu kimepungua. Shangazi ameniandikia kwamba miwani yako imevunjika mkono na umeifunga kwa uzi mwekundu. Bibi, nunua nyingine, tafadhali.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta anayokushushia dereva wa basi la vifurushi ilikuwa yangu. Ndani yake kuna programu moja tu, ya kutunza orodha ya wateja. Ofisi yetu ndiyo inayoitengeneza, na mimi nimepewa kuandika kitabu cha kumwongoza mtu asiyewahi kugusa kompyuta. Sura ni kumi na mbili. Kitabu kikipita, wataniongezea mkataba. Kisipopita, mwisho wa Julai nafungasha.

Nataka wewe uwe msomaji wangu wa majaribio. Sharti ni moja: fuata sura kwa mpangilio wake, usiruke, usimuulize mtu. Fundi umeme akuunganishie waya tu, aende zake. Sura tatu za kwanza zimo humu, picha zake ziko pembeni mwa kurasa. Niambie ukweli.

Mjukuu wako

22 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi nipo. Shangazi yako yupo, mdomo wake nao upo, kama ulivyoona kwenye habari za miwani. Paa la jikoni limezibwa. Cherehani ya pili inaruka mshono ikifika kwenye pindo nene, naitazama tu kwa sasa. Unakula? Mwandiko wako umekonda.

Umesema nikwambie ukweli, basi kaa chini.

Sura ya kwanza nimeisoma siku tatu. Kurasa kumi na nne, na hadi mwisho sijaambiwa niguse wapi. Umenieleza kwamba mashine ya kwanza ilikuwa kubwa kama nyumba na ilitaka watu sita wa kuihudumia. Sawa. Pole zao. Hivi mimi nikimpokea mwanafunzi wa kushona, namketisha nimsimulie nani alitoboa tundu la kwanza la sindano? Angeaga siku hiyo hiyo, na ningemsindikiza.

Mwanafunzi wangu siku ya kwanza nampa wembe na gauni bovu, namwambia: fumua. Kutwa nzima ni kufumua. Akimaliza haogopi tena kitambaa, maana ameona kwa macho yake kwamba kilichoshonwa vibaya kinafumuka na dunia haianguki. Ndipo namwonyesha cherehani. Wewe mwenyewe ulifumua hapa ukiwa na miaka sita, ukajikata kidole, ukakataa kulia.

Na hivi umesahau nani alinifundisha kusoma? Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Ulikuwa na miaka saba, umetoka shule na soksi moja, ukaniuliza, “Bibi, ni neno gani unaliangalia kila siku?” Nikakuonyesha maboksi ya nyuzi. Ukaanza na NYEUSI, ukafuata na NYEUPE. Jioni ile nikachukua boksi sahihi bila kulifungua. Hukuniambia nani aliyebuni herufi. Yule mtoto alikuwa mwalimu. Huyu mtu mzima wa ofisini sijui ni nani.

Sura ya pili ni majina ya vitu na mishale. Mtoto mchanga naye anaoneshwa pua iko wapi, haandikiwi kitabu.

Ya tatu ndiyo yenye akili. Kuwasha, kufungua orodha, kujaza mteja. Kwa hiyo naanza kujaza. Nitaingiza vitepe vyangu vyote vya vipimo vya wateja. Macho yangu hayasomi tena mikato vizuri, lakini hilo usimpelekee shangazi yako.

Picha nimeziona.

Bibi yako

9 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nakula, mwandiko wangu ulikuwa hivyo tangu zamani. Hapa mvua imeanza na wenye duka wanaviringisha matairi ndani kila wingu likipita, jengo zima linatikisika.

Bibi, sura ya kwanza siwezi kuiondoa. Mkuu wa kitengo ana mpangilio wake: historia, majina ya sehemu, kazi zenyewe, halafu mambo ya usalama, yaani kuhifadhi, kuzima, kurekebisha makosa. Anasema msomaji lazima apate msingi kwanza. Vitabu vyake vyote vimepangwa hivyo na hakuna aliyelalamika. Kitabu si gauni, Bibi. Kwenye karatasi mambo yana utaratibu wake.

Nakutumia ya nne hadi ya sita: kutafuta jina, kupanga majina, kupamba orodha kwa rangi.

Na picha je? Ofisini wote wanampenda yule bibi wa pembeni anayekisalimia kipanya. Wanacheka sana. Hukusema neno.

Mjukuu wako

28 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mume wetu marehemu angekuwepo angekuuliza: nani amelalamika kwa nani? Hao waliokinunua kitabu wakakigeuza kifuniko cha mtungi, walipewa anwani ya kulalamikia? Huyo mkuu wako nimempa jina, ni Bwana Historia. Mwambie anaye msomaji mmoja hapa anayelalamika, na ana mkasi.

Habari za nyumbani: cherehani ya pili imepona, ulikuwa uchafu tu. Matroni wa zahanati amekuja na oda yake ya kila mwaka, sare za wauguzi arobaini na wawili, azichukue katikati ya Julai. Wauguzi wametawanywa kwenye vituo vya mbali, hawezi kuniletea tena niwapime. Nikamwambia asihangaike, mwili wa kila mmoja ninao.

Na kweli ninao. Nimemaliza! Unaujua ule ukuta wangu: kila mteja na msumari wake, na kitepe kilichokatwa kwenye kitambaa cha nguo yake ya kwanza. Mkato mmoja ni kiuno, miwili kifua, mitatu nyonga. Nimevishusha vyote, nimevipima kwa futi kimoja kimoja, namba nimeziingiza kwa kidole hiki kimoja. Wiki tatu. Orodha imejaa mpaka inateremka chini ya kioo. Mwisho wa sura ya tatu umeandika, “Hongera! Sasa taarifa za wateja wako zimo ndani ya kompyuta.” Ahsante, nimepongezwa. Mashine nimeifunika kitambaa na inanguruma kutwa kucha kama paka aliyeshiba.

Ukuta ukabaki mtupu, vitepe vikawa lundo mezani. Sikuvitupa. Nimevishona kimoja ubavuni mwa kingine, nikatia bitana, nimekutengenezea shuka la viraka. Limo kwenye kifurushi hiki. Kile chumba chako cha matairi kina baridi, usibishe.

Sura ya rangi sijaisoma. Nguo haijakatwa, unaniambia niipige pasi?

Picha nimeziona, nilishasema.

Bibi yako

14 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Shuka limefika! Nimelitandika siku hiyo hiyo. Nimetambua kitambaa cha gauni la shangazi lile la maua, na cha koti la matroni. Mwenye nyumba alikuja kudai ufunguo wa dari akasahau alichofuata, akawa anauliza bei.

Huku majaribio yanakwenda vizuri. Tuna wanafunzi tisa, wafagizi na walinzi wa jengo letu, wanapitia kitabu sura kwa sura. Vizuri kabisa.

Nakutumia ya saba na ya nane, za kuchapa orodha kwenye karatasi. Ya tisa inaitwa Kuhifadhi Kazi Yako, Bwana Historia (tazama, nami nimeanza kumwita hivyo) hajaipitia. Endelea na hizi.

Nimefurahi sana kwamba umeweza wiki tatu peke yako. Nimewatangazia ofisini.

Mjukuu wako

2 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hapa umeme ulikatika tarehe ishirini mchana, dakika kama ya kukuna kichwa, ukarudi.

Lile shuka umelifua? Usilifue.

Sura ya tisa iko wapi?

Bibi yako

15 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikageuza karatasi nyuma nione kama kuna nyingine. Unaumwa? Macho? Nimemwandikia shangazi, amejibu kwamba unashinda mezani na futi shingoni, hushoni, na ukiulizwa unamfukuza.

Shuka nilikuwa nimelitia kwenye beseni, Bibi, barua yako ikanikuta sabuni mkononi. Nimelitoa kavu. Kwa nini lisifuliwe? Linachuja rangi?

Sura ya tisa na ya kumi hizi hapa.

Kuhusu majaribio, tutaongea siku nyingine.

Mjukuu wako

30 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Siumwi. Shangazi yako anaumwa, anaumwa ulimi.

Sura ya tisa nimeisoma. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, ndani ya kijisanduku chenye kivuli: “Kumbuka: kazi yoyote ambayo haijahifadhiwa hupotea umeme ukikatika.”

Kumbuka! Nikumbuke nini, mwanangu? Ulishaniambia lini? Nimevuka mashine kubwa kama nyumba, nimevuka mishale, nimevuka kupaka orodha rangi ya samawati, nimevuka karatasi za kuchapa, ndipo kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili unaniambia nikumbuke. Huyo Bwana Historia akimfundisha mtu kupanda ngazi atamwonyesha kwanza mandhari ya juu, halafu akishaanguka amwambie, kumbuka, kuna vipandio. Na ameajiriwa. Ana kiti cha kuzunguka, bila shaka.

Eti mambo ya usalama mwishoni. Mtoto anapewa mkasi Jumatatu, Ijumaa anaambiwa ncha iko upande gani. Wangekuwa washonaji, wangetembea uchi hao wote, na kitabu chenye jalada zuri mkononi.

Na wewe uliyaona hayo. Usiniambie hukuyaona. Wewe si mjinga, ninakujua, nimekulea. Uliandika ulichoambiwa kwa sababu kwenye karatasi mambo yana utaratibu wake. Basi utaratibu wako umekula wateja wangu wote. Ndiyo. Wote. Mashine haikuwahi kuzimwa tangu siku niliyoiwasha, maana kuzima kuko sura ya kumi, na mimi sikuruka, uliniambia nisiruke. Umeme uliporudi, orodha ilikuwa nyeupe kama sanda.

Sasa na huyo bibi wa pembeni. Ukurasa wa tisa anakiuliza kipanya kimelalaje. Ukurasa wa ishirini anafuta kioo kwa kanga akidhani namba ni uchafu. Miwani yake imefungwa uzi mwekundu. Nilidhani ni mtu mwingine, nikaivua yangu nikailinganisha. Walicheka sana, umesema. Vizuri. Kicheko ni afya.

Sare nitashona. Wauguzi nitawakumbuka kwa kichwa, niliwahi kuwapima wote. Wewe usihangaike na lolote.

Na nisiandikiwe barua ya kulia hapa.

Bibi yako

8 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sikulia. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya shuka, nikauangalia mshono mmoja hadi ukaanza kunitazama. Nikachukua wembe nikafumua upana wa vidole viwili tu. Ndani ya pindo mikato ilikuwa palepale: mmoja, miwili, mitatu. Hukuipunguza. Ulikunja tu.

Ungeweza kuandika neno moja, “rudisha”. Uliandika “usilifue”.

Kabla ya kuendelea kufumua nililibeba shuka zima hadi ofisini na kulitandaza juu ya meza ya mikutano. Bwana Historia aliuliza, “Hii ni nini?” Nikasema, “Ni wateja wa msomaji wetu. Tuliwapoteza mchana mmoja.” Nikamwonyesha ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Akasema bibi yangu si msomaji wa kawaida. Nikasema ni kweli, huyu alifuata maelekezo.

Nilikudanganya kuhusu majaribio. Kati ya wale tisa, sita waliondoka kabla ya sura ya tatu. Mfagizi mmoja alirudisha kitabu akakiweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani aliyemchosha. Nilijua tangu Aprili. Nilikuwa naogopa Julai.

Na yule bibi ni wewe. Waliniomba mchoro wa kuchekesha, nikakaa mezani, mkono ukamchora ninayemjua. Sina la kujitetea.

Nimefumua siku tatu dirishani, kwenye mwanga wa mchana. Sikujikata. Vitepe hivi hapa, nimevifunga kumi kumi. Dereva ameniapia kwamba atavishika mapajani.

Mjukuu wako

19 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Vimefika. Dereva alivishika mapajani kweli, alikuja anatembea kama mjamzito.

Umefumua safi. Hakuna uzi hata mmoja uliokatwa ovyo. Mimi mwenyewe nisingefanya vizuri zaidi, na hili silirudii tena.

Misumari imejaa. Sare kumi na nne ziko tayari. Shangazi yako ananisomea mikato, sauti yake hatimaye imepata kazi.

Nimehesabu vitepe mara mbili. Umeleta arobaini na viwili vya wauguzi, na ishirini na sita vya wateja wengine. Kuna kimoja hakimo. Unakijua.

Mwambie Bwana Historia kwamba asiye wa kawaida anamsalimia.

Bibi yako

10 Julai

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, matairi mazima.

Niliwaita wale sita walioondoka. Walikuja wamekunja uso, wakakaa karibu na mlango. Nikawapa kurasa nilizozipanga upya nyumbani bila ruhusa ya mtu. Ukurasa wa kwanza unasema: andika jina lolote, likosee makusudi, sasa bonyeza Tendua, kosa limeondoka. Wakafanya hivyo nusu saa nzima, wanakosea na kutendua, wanakosea na kutendua, mlinzi mmoja anacheka peke yake. Sura ya pili ni kuhifadhi. Ya tatu ni kuzima na kuwasha tena, ukute kazi yako bado ipo. Ndipo orodha, ndipo kutafuta, na rangi mbali huko. Historia nimeipeleka mwisho kabisa, kwa atakayependa. Hadi saa kumi wote sita walikuwa wamefika sura ya nne, na yule mfagizi akaomba kitabu aende nacho.

Bwana Historia alisimama nyuma muda wote mikono mfukoni. Hakusema nilikuwa sahihi. Alisema, “Sura ya mwisho ibaki kurasa kumi na nne, usiipunguze.” Kisha akasaini. Kitabu kimekwenda kiwandani. Mkataba amesema tutaongea, na hadi leo hatujaongea. Zimebaki wiki tatu.

Yule bibi wa pembeni nilitaka kumfuta. Nikasita, nikaona niulize mwenyewe.

Kitepe cha sitini na tisa ninacho. Sikujua kilikuwa ukutani miaka yote. Mikato yake haikai kama ya wengine, inapanda: miaka sita, saba, nane, mpaka ule wa mwisho, mwaka niliokuja huku. Kitambaa ni cha sare yangu ya shule. Naomba nibaki nacho.

Mjukuu wako

21 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sare arobaini na mbili zimechukuliwa. Matroni alizijaribisha tatu pale pale kwa wauguzi aliokuja nao, zikakaa. Akauliza kama nimenunua mashine mpya ya kupimia. Nikamwambia ndiyo, inaitwa mjukuu, inachelewa kuwaka.

Vipimo nimeviingiza upya kwenye kompyuta. Kila jina moja, nahifadhi. Shangazi yako anasema nabonyeza kama ninayemfinya mtu. Vitepe vinabaki ukutani hata hivyo. Mashine ikijifanya mjuaji, ukuta unaitazama.

Huyo bibi wa pembeni mwache. Nimemzoea. Ila mpe kiti, kitabu kizima umemsimamisha, na kile kipanya kimwamkie yeye kwanza, ndiye mkubwa. Miwani usiiguse. Yangu bado haina mkono, na uzi mwekundu umeshika kuliko duka lililoniuzia.

Bwana Historia nimemsamehe nusu. Kurasa zake kumi na nne hakuna atakayezifikia, aachwe alale nazo.

Asipokuongezea mkataba, cherehani ya pili imepona na kiti chake kiko wazi. Akikuongezea, likizo unayo, usinidanganye, nimeuliza.

Maana kitepe ulichokiiba ni kifaa cha kazi, na hakibaki kwa mtu. Mkato wa mwisho ni wa msichana aliyeondoka hapa miaka tisa iliyopita, simjui tena kifua wala kiuno. Kwa barua sipimi. Kilete mwenyewe, simama pale mlangoni penye mwanga, nikate mwingine.

Shuka jipya nitaanza ukifika. Safari hii kwa vibaki vya vitambaa tu.

Bibi yako